Neno Lililopigwa Marufuku Chuoni

Watu wa soko la Mwigobero wanamjua Selestina Machage kwa mambo mawili: dagaa wake hawana mchanga, na hapendi kuulizwa kwao. Ukimwuliza atakwambia kwao ni hapa hapa Musoma, kisha atakuuliza unanunua au hununui. Wengi wanadhani hakusoma. Mimi nililala kitanda kilichopakana na chake kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, katika chuo cha ualimu nje kidogo ya mji huu, na ninajua kwamba alituzidi sote tuliotoka pale na vyeti mkononi. Naitwa Marieta. Ni mwalimu. Haya ninayoyasimulia siyasimulii kwa majivuno, maana nilikuwemo.

Kwao ni upande wa Butiama. Baba yake, Mzee Machage, alikuwa mhunzi, na kwetu mhunzi si fundi tu. Ni ukoo. Wanaitwa Waturi. Wakulima na wafugaji wa nchi ile yote, kutoka Butiama mpaka Bunda, walilima pamba kwa majembe ya Waturi, wakachinja ng'ombe wa mahari kwa visu vya Waturi, na hawakuoana nao kamwe. Hukunywa maji kwenye kibuyu cha Mturi. Hukukalia kitanda chake. Ukifanya hivyo, tulifundishwa tukiwa wadogo, mimba zitaharibika na mifugo itakwisha. Nani aliyesema? Hakuna aliyejua. Jambo kama hilo likikosa mwenyewe ndipo linapokomaa.

Mapadri walimsomesha Selestina, naye akashika kitabu kama mtu anayejua hana pengine pa kushika. Halafu likaja Azimio la Musoma mwaka sabini na nne, kwamba kila mtoto wa nchi hii lazima asome, na walimu wakawa wanatafutwa kwa udi na uvumba. Tuliingia chuoni mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Alitaka jambo moja tu, na aliniambia wiki ya kwanza tukiwa tunafua nguo: apate cheti, apangiwe Lindi au Kigoma, afundishe mahali ambapo hakuna mtu anayejua majina ya koo za Mara. Sikumwelewa. Alikuwa ametuambia baba yake analima pamba, na kweli alilima, nusu eka.

Alifichuliwa na upendo wa baba yake. Mwaka wa pili wetu, majembe yalikuwa hayapatikani. Shamba la kujitegemea la chuo lilikuwa limemezwa na magugu, na duka la ushirika lilikuwa na chumvi na kiberiti tu. Selestina akaandika nyumbani, kama tulivyokuwa tukiandika sote, kwamba wanatumia jembe moja watu wanne. Mzee akakaa kwenye mifuo yake, akifua chuma, wiki mbili. Akaja na majembe kumi na mawili mapya, ameyafunga kwa kamba ya katani juu ya basi.

Mkuu wa chuo, Ndugu Mihayo, alifurahi kupita kiasi. Alikuwa mtu wa Shinyanga, mnene, mwenye moyo safi na imani kubwa, na sikuwahi kuona mtu mwema akileta maafa kama yeye. Akatuita sote mstarini tumpokee mzazi wa kwanza aliyekikumbuka chuo. "Ndugu Selestina," akasema, "njoo usimame na baba yako." Selestina akaenda. Alitembea polepole sana.

Mzee Machage akafungua kamba. Akachukua jembe la kwanza, akaliweka chini, akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri. Ndivyo walivyofanya daima, kwa sababu mtu wa kwetu hapokei kitu mkononi kwa Mturi. Kijana mmoja wa Songea akanyoosha mkono kupokea la pili, na mzee akaurudisha wake haraka, akaliweka chini. Wanachuo wa mikoa mingine wakacheka, wakadhani ni mila ya heshima. Sisi wa Mara hatukucheka. Gati, kiranja wa wasichana, binti wa watu wa ng'ombe wengi kule Bunda, aligeuza shingo akamtazama Selestina kutoka miguuni mpaka kichwani, akatema mate pembeni.

Siku ile ile vitanda vikahama. Bweni letu lilikuwa na vitanda ishirini. Jioni cha Selestina na changu vilikuwa peke yavyo upande wa dirisha. Mimi nilihamisha changu kesho yake. Nilimwambia ni kwa ajili ya upepo, kifua changu hakikuwa kizuri. Akasema, "Sawa, Marieta, jifunike vizuri." Kifua changu hakijawahi kuniuma mpaka leo.

Maji aliyoteka yakawa yanamwagwa. Bwaloni tulikuwa tunakula wanane kwa meza. Yeye akiketi, saba wanainuka. Siku moja ameandaa somo la kufundishia mbele ya darasa, akakuta ubaoni pameandikwa kwa herufi kubwa: MTURI ASITUSHIKIE CHAKI. Akafuta, akafundisha. Mkufunzi akampa alama za juu kuliko zote na hakuuliza kilichofutwa ni nini. Usiku wa Jumamosi akavuta blanketi akakuta kitanda kimejaa mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki tanuruni. Mtu alikuwa amesafiri kwenda kuyaokota. Hilo ndilo lililomwuma zaidi, aliniambia baadaye, kwamba mtu alipanda basi.

Jumatatu akaenda kwa Mkuu, akaeleza kila kitu, na akamtaja Gati.

Ndugu Mihayo alishtuka kweli. Kwao Shinyanga hakuna habari hiyo, na hakuwahi kusikia neno Mturi maishani mwake. Akaunda kamati. Yeye mwenyewe mwenyekiti. Ndugu Danford, mkufunzi wa siasa na katibu wa tawi la TANU, akawa katibu. Na kwa kuwa demokrasia ilitaka wanachuo wawakilishwe, wakamwingiza kiranja wa wasichana. Ndiyo, Gati. Nyani alipewa kesi ya shamba la mahindi.

Niliitwa kama shahidi, nikakaa kwenye benchi ukutani, nikasikia yote. Ndugu Danford ndiye aliyeuliza. Alikuwa mtu wa Bunda na alijua kila kitu, na aliuliza kama mtu aliyeshuka jana kutoka mwezini.

"Ndugu Selestina, unasema umebaguliwa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya ukoo wangu."

"Ukoo gani?"

"Waturi."

"Tanzania kuna watu wa aina hiyo?"

"Ndugu Katibu, na wewe ni wa kwetu. Unajua."

"Mimi najua wakulima na wafanyakazi," Danford akasema. "Hao wengine nasikia kwako. Kwa hiyo katika chuo hiki, mtu wa kwanza kutaja ukoo mbele ya uongozi ni wewe. Si ndiyo?"

"Waliandika ubaoni."

"Ubao uko wapi? Nani aliufuta?"

"Mimi."

Danford akaandika. Kisha wakanigeukia mimi. Ndugu Mihayo akaniuliza kwa upole kama nilimwona mtu akiweka uchafu kitandani. Nilimwona. Nilikuwa nimelala macho na Gati alikuwa na ndoo. Gati alikuwa ameketi mbele yangu, anachezea kalamu, na hakuhitaji hata kunikazia macho. Kwao na kwetu ni vijiji jirani, na kaka yake alikuwa amekwisha peleka posa kwa dada yangu. Nikasema, "Hapana, Ndugu Mkuu. Nilikuwa nimelala." Selestina alinitazama, akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimetaja saa.

Uamuzi ulisomwa mstarini. La kwanza: neno lile, na majina mengine yote ya kudhalilishana kwa koo, ni marufuku chuoni, atakayelitamka atafukuzwa bila onyo. La pili: kwa kuwa ubaguzi unaanzia mezani, Jumapili Ndugu Selestina atapika chakula cha chuo kizima, na kila mwanachuo atakula. Ndugu Mihayo alisema haya huku machozi yakimlenga. Aliona anajenga taifa.

Basi Jumapili yule binti aliamka saa kumi alfajiri akasonga ugali wa watu mia na sitini. Wapishi walikatazwa kumsaidia, ili isisemwe kwamba si chakula chake. Mikono ilimvimba. Tulipanga foleni na sahani, Danford amesimama mlangoni anaweka alama kwenye majina, na tulikula, wote, maana asiyekula angetajwa mkoani. Gati alikula. Mimi nilikula. Ulikuwa ugali mzuri na maharage yaliyoiva. Kisha nyuma ya bwalo wasichana wakawa wanajitia vidole kooni, na Selestina ndiye aliyepangiwa kusafisha bwalo na nyuma ya bwalo.

Barua zikaenda nyumbani. Haikupita wiki mbili, wazee wakafika getini, tisa, wamevaa makoti ya mvua ingawa jua lilikuwa kali, wanaswaga kondoo dume mweusi. Binti zao wamelishwa kisicholika. Ama wasafishwe, ama warudi nao nyumbani leo hii. Walikuwa wasichana ishirini na watatu. Ndugu Mihayo akahesabu wasichana ishirini na watatu, akakumbuka idadi ya walimu aliyoahidi mkoani, akaketi na Danford saa nzima.

Ikaandikwa kwenye ubao wa matangazo: Jumamosi, saa nne, Siku ya Utamaduni. Wazee wakaambiwa sharti moja tu, kwamba neno lile lisitamkwe. Wakakubali bila ubishi. Neno la nini, na kondoo wanaye?

Selestina akaambiwa siku hiyo apange ghala la vifaa, na asitoke mpaka aitwe.

Uwanjani walimpasua kondoo, wakatoa nyasi mbichi za tumboni. Tukajipanga. Mzee anachota, anakupaka paji la uso, kifuani na kwenye vidole vya mkono uliokula, anasema maneno yake, unapita. Harufu yake mtu haisahau. Nilikuwa nimekwisha pakwa, nimesimama pembeni na wenzangu, tunachekacheka kwa aibu, nilipomwona Selestina anatoka ghalani. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alikuja akasimama mwisho wa foleni.

Hakuna aliyejua la kufanya. Foleni ikasogea, akasogea nayo. Akafika mbele.

"Na mimi nipakeni," akasema. "Na mimi nilikula."

Mzee akashusha mkono. "Mwanangu, wewe rudi."

"Nilikula ugali ule ule, babu. Hawa wamechafuliwa, mimi je?"

"Hii haikuhusu wewe."

"Kwa nini hainihusu?"

Mzee akamtazama Ndugu Mihayo. Ndugu Mihayo akatazama viatu vyake. Tukasikia nzi kwenye ngozi ya kondoo. Selestina akageuka kwetu, mmoja mmoja, na wote tulikuwa na majani yale usoni.

"Gati, kwa nini?" Gati akainamia vidole vyake. "Marieta. Wewe utaniambia. Kwa nini wote wapakwe, mimi nisipakwe?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui." Akacheka kidogo. "Mnajua wote, na mnaogopa kufukuzwa. Mimi nitawasaidia. Kwa kuwa mimi ni Mturi. Baba yangu ni Mturi, na mama, na majembe mnayolimia ni ya Mturi. Hilo ndilo neno lenu."

Nikasikia kalamu ya Danford. Alikuwa ameandika kabla hajamaliza.

Kamati ilikaa robo saa. Hakukuwa na cha kuchunguza, mashahidi walikuwa mia na sitini na Mkuu mwenyewe. Ilibaki miezi miwili tufanye mtihani wa mwisho. Wanasema Ndugu Mihayo alimwita ofisini, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Binti yangu, sheria niliyoitunga kwa ajili yako siwezi kuivunja kwa ajili yako." Naamini alisema hivyo. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na ninamchukia kuliko Danford, maana Danford hakulia.

Mwaka uliofuata mkaguzi alikuja kutoka wizarani. Akakisifu chuo kwa kutokuwa na tukio lolote la ubaguzi, akaomba nakala ya sheria ile avipelekee vyuo vingine. Ilibaki ukutani mpaka rangi ya wino ikafifia, na mtu aliyefukuzwa kwayo ni mmoja tu. Gati ni mwalimu mkuu huko Bunda. Mimi nilipangiwa Musoma mjini.

Selestina hakurudi Butiama. Alisema hawezi kupita mbele ya mifuo ya baba yake bila cheti. Alianza kwa kubeba maji, kisha dagaa. Mvuvi mmoja wa Suguti alimwoa, akaishi naye mpaka siku ndugu zake walipoulizia ukoo wa mke, akamwacha. Hata mtumbwi wake alihamishia upande mwingine wa ghuba. Akamwachia mtoto wa kike, Susana. Mtoto huyo mama yake hakumwambia lolote. Hakumwambia ana babu. Alimwandikisha shuleni kwa jina la baba, akaniletea darasani kwangu mwenyewe, akasema maneno machache, yote kwa sauti ya chini. "Marieta, hunidai na sikudai. Neno lile asilisikie."

Nilimwahidi. Na ahadi yangu niliitimiza kwa njia niliyoijua, ile niliyofundishwa chuoni. Watoto uwanjani wakitukanana "Mturi we!" nilikuwa napita na vitabu vyangu kwapani. Wakisimuliana kwamba ukila kwa Mturi tumbo linaoza, nilikuwa nagonga kengele. Kumkaripia mmoja ningelazimika kulitaja, na nikilitaja mtu atauliza kwa nini mwalimu limemwuma. Susana alikuwa katikati yao, akicheka na wenzake. Alikuwa na akili kama mama yake, alishika kila alichosikia.

Mzee Machage alikuja kujua alipo binti yake. Alikuwa amezeeka, majembe ya kiwandani yalikuwa yamemwondolea kazi, akawa anafua visu vidogo na kuviuza Mwigobero kwenye kona ya mafundi viatu. Walikubaliana, baba na binti. Kila mwezi baba atafika mezani pa binti, atanunua dagaa kopo moja, atasimama kidogo, ataondoka. Ndiyo ziara yenyewe. Dagaa wenyewe hakuwa na meno ya kuwatafuna, alikuwa anawagawa njiani. Akibahatika, Susana anakuwapo, naye anamsalimu, "Shikamoo babu," kama anavyowasalimia wazee wote, na mzee ananunua kopo la pili.

Jumamosi ya mwezi uliopita nilikuwepo. Susana ametimiza miaka minane, yuko darasa la pili. Mzee akafika, akaweka mfuko wake mezani, akasubiri salamu yake. Susana akarudi nyuma.

"Mama, usimwuzie."

Selestina alikuwa ameinama kwenye gunia. "Nini?"

"Huyo babu wa visu ni Mturi. Wameniambia. Usishike mfuko wake, mama, tutaharibikiwa."

Kopo likabaki mkononi mwa Selestina. Mzee hakusogea. Mama muuza nyanya wa meza ya pili akainua kichwa, na mwenzake akainua cha kwake.

"Nani alikwambia maneno hayo?" Selestina akauliza.

"Shuleni, mama. Wote wanasemaga. Hata Mwalimu Marieta anatusikiaga, na hajawahi kusema ni uongo."

Selestina akanitazama. Hakuwa na hasira. Alisubiri, na nilijua anasubiri nini, na meza zote mbili zilikuwa zinasikiliza. Ningesema neno moja tu, ni uongo, mwanangu. Baada ya hapo wangeniuliza nimejuaje, wangeuliza huyu mzee ni nani, na kesho nani angenunua dagaa wa Selestina? Hivyo nilijiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa, kama nilivyoogopa siku zote, na sikuogopa kwa ajili yake.

Alisubiri mpaka akatosheka. Kisha akatumia kopo kuusukuma ule mfuko mtupu, bila kuugusa kwa mkono, mpaka ukingoni mwa meza.

"Umesikia, mzee," akamwambia baba yake. "Hapa hatukuuzii. Usirudi."

Mzee Machage akachukua mfuko wake, akamwangalia mtoto mara moja, akaondoka. Susana akamshika mama yake mkono, akaridhika.